Waliopanda Ngazi

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msipoteze nauli kuitafuta. Siku nilipoondoka, jina lake lilikuwa limepelekwa kubadilishwa, na fundi wa majina alikuwa likizo. Kwa sasa tuiite nchi, inatosha.

Nchi hiyo ilikuwa na lifti moja. Kwa kuwa ilikuwa moja tu, iliundiwa wizara: Wizara ya Lifti na Maendeleo ya Kupanda. Ilikuwa na waziri, naibu waziri wa kupanda, na naibu waziri wa kushuka. Huyu wa mwisho hakuwa na kazi, maana serikali haikuwa na mpango wowote wa kushuka. Makao makuu yalikuwa kwenye jengo refu kuliko yote, na lifti yenyewe ilikuwa humo humo ndani. Wananchi walisafiri kutoka mikoani kuja kuona milango inayojifungua yenyewe. Wengine walilia. Wengine waliisalimia.

Ndani ya wizara kulikuwa na Kitengo cha Usalama wa Lifti. Mkuu wake aliitwa Bi. Sikudhani Mlaponi, mhandisi, mama wa makamo, aliyeijua lifti ile kama mzazi anavyomjua mwanawe: alijua inapoumwa kweli na inapodeka. Chini yake kulikuwa na mtumishi mmoja, Kibwana Ligola, mwendesha lifti. Huyu alikaa ndani kwenye kigoda akibonyeza vitufe, kwa sababu wananchi hawakuruhusiwa kubonyeza kitu chochote cha serikali.

*

Kila mkuu wa kitengo katika nchi ile alipitia Chuo cha Staha, akasomea Mizani ya Uongozi. Mkufunzi wao alikuwa bwana mwenye sauti ya maziwa ya moto.

"Kiongozi akiwa mpole tu, watu watamkalia," alifundisha. "Akiwa mkali tu, watamkimbia. Sasa afanye nini?"

"Awe na mizani!" darasa likaitikia.

"Na mizani ni nini?"

Darasa likanyamaza. Chai ilikuwa karibu kuletwa, na hakuna aliyetaka kuichelewesha.

"Mizani ni kujua upole unaelekea wapi na ukali unaelekea wapi. Upole hupanda. Ukali hushuka. Ukivichanganya, umeiangusha nchi."

Bi. Sikudhani akanyoosha mkono. "Na kama anayekosea yuko juu?"

Mkufunzi akamtazama kwa huruma. "Aliye juu hakosei, dada yangu. Anakuwa ametangulia mahali ambapo wewe bado hujafika."

Siku ya mahafali kila mhitimu alipewa vitendea kazi viwili. Cha kwanza kilikuwa mto, wa kusemea na wakubwa. Kanuni ilitaka kila habari mbaya itanguliwe na sifa tatu, kisha mto uwekwe mezani na habari isemewe ndani ya mto, ili imfikie mkubwa ikiwa imepoa. Cha pili kilikuwa kipaza sauti cha mkononi, cha kusemea na walio chini. Kanuni ilisema wazi: kipaza sauti kitaelekezwa chini, na chini tu.

Bi. Sikudhani aliongoza darasa. Mto wake ulikuwa wa sufi safi, umedariziwa kwa uzi wa dhahabu: NAOMBA KUWASILISHA.

*

Sikukuu ya Kupanda ilipokaribia, Waziri alitangaza jambo kubwa. Mkuu wa Nchi angesimama juu ya paa la jengo. Kwaya ya wizara ingeingia ndani ya lifti, yote kwa pamoja, na kupanda ikiimba. Milango ikifunguka huko juu, wimbo ungemlipukia Mkuu wa Nchi kifuani kama maua.

Kibao cha ndani ya lifti kilisema: WATU WANANE. Kwaya ilikuwa na watu wa kujaza basi. Waziri akaliona tatizo na kulitatua papo hapo: aliagiza kibao kipakwe rangi upya na kuandikwa WATU WOTE.

Bi. Sikudhani alipanda hadi chumba cha mashine, akashika kitambaa na kukipitisha juu ya waya wa lifti, kama alivyofundishwa zamani, kabla ya Chuo cha Staha. Kitambaa kilinasa. Akakivuta, kikachanika. Akakipitisha sehemu nyingine, kikanasa tena. Nyuzi za chuma zilikuwa zimekatika na kusimama kama nywele za mtu aliyeona jambo. Waya ule haukufaa kupandisha hata mbuzi.

Akachukua mto wake, akaenda kwa Waziri.

Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Lubinza alikuwa na shahada nyingi za heshima. Moja alijitunuku mwenyewe, kwa kuwa hakupatikana mtu mwingine mwenye hadhi ya kumtunuku.

"Mheshimiwa, kwanza niipongeze tai yako," alianza Bi. Sikudhani.

"Asante."

"Pili, niipongeze hotuba yako ya jana, ingawa sikuisikia. Nilianza kulia kwa furaha kabla hujaanza."

"Wengi wamesema hivyo. Na tatu?"

"Tatu, uongozi wako."

"Uongozi wangu una nini?"

"Upo, Mheshimiwa."

Waziri akaridhika. Bi. Sikudhani akauweka mto mezani, akainama, akasemea ndani yake.

"Waya wa lifti una uzoefu mkubwa sana."

"Vizuri."

"Uzoefu huo umefikia mahali ambapo baadhi ya nyuzi zimeomba kustaafu."

"Zimeomba, au zimestaafu?"

"Zimestaafu, Mheshimiwa. Kwa heshima zote. Nyingine ziko njiani."

Waziri akaacha kuchezea kalamu. Akamtazama usoni, jambo ambalo wakubwa wa nchi ile hawakuwa na mazoea nalo.

"Unasema lifti isitumike?"

Lilihitajika neno moja. Bi. Sikudhani alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa juu ya ulimi wake, zito, lina ladha ya chuma. Akautazama mto. Akaziona zile herufi za dhahabu.

"Ningesema, Mheshimiwa, kwamba lifti ingejisikia vizuri zaidi ikipumzika. Lakini busara ni yako, na uamuzi wowote tutaupokea kwa shangwe."

Waziri akaubonyeza mto kwa kidole. "Laini kweli. Sufi ya wapi hii?"

"Ya nyumbani kwetu, Mheshimiwa."

"Nimekusikia."

Katika nchi ile, mkubwa akikwambia amekusikia, maana yake mlango uko nyuma yako. Bi. Sikudhani akatoka na mto wake kwapani. Korido nzima alikuwa akijiambia: nimesema. Si nimesema? Nimesema.

*

Siku ya sikukuu kwaya ilikuja na sare za njano. Mbele alikuwa Mama Sesilia, sauti ya kwanza, mwanamke mpana mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake.

"Mama, sogea kidogo," alisema Ligola kutoka kwenye kigoda chake. "Hilo tumbo nalo limejaza fomu ya kwaya?"

"Hiki ni kitambi cha serikali, mwanangu. Ukikigusa unashtakiwa."

Wakacheka, wakasukumana, wakaingia. Wengine walivuta pumzi ili wenzao wapate nafasi. Ligola akachungulia nje, akamwona bosi wake amesimama mlangoni na kipaza sauti mkononi.

"Bosi, ule waya ulibadilishwa?"

"Ligola, wageni wanasubiri."

"Sikatai. Nauliza tu, dada Siku. Maana siku ile ulishuka huko juu na kitambaa kimechanika, ukanipita bila salamu. Wewe hunipitagi."

Nyuma yao walisimama maofisa wa itifaki, wanatazama. Hapa ndipo mizani ilipotakiwa kuonekana. Bi. Sikudhani akainua kipaza sauti, akakielekeza kwa mtu aliyekuwa karibu naye kiasi cha kumshika bega.

"NDUGU LIGOLA! KAA KWENYE NAFASI YAKO! FUNGA MLANGO!"

Njiwa waliruka kutoka juu ya jengo. Maofisa wa itifaki wakatikisa vichwa kwa kuridhika: kiongozi mwenye msimamo.

Ligola alisugua sikio. "Haya, bosi. Nilikuwa na masikio mawili, sasa hivi nina moja. Na wewe huingii?"

"Mimi nitapanda ngazi," alisema Bi. Sikudhani, kwa sauti ya kawaida sasa. "Daktari amesema nifanye mazoezi."

"Na Mheshimiwa je? Kiti chake tumekiachia hapa."

Lakini Waziri alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. "Daktari," alijibu bila kugeuka.

Bi. Sikudhani akamfuata. Kwenye ngazi akamkuta naibu waziri wa kupanda, anahema. "Daktari," alisema naibu. Akamkuta katibu mkuu: daktari. Akamkuta mlinzi wa Waziri, kijana mwenye mapaja kama magogo: daktari. Naibu waziri wa kushuka peke yake ndiye asiyekuwa na sababu. Alisema amewaona wenzake wanapanda, akaona aibu kubaki.

Hapo ndipo Bi. Sikudhani aliposimama na kushika ukuta.

Habari za waya alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Kumbe mto ulikuwa umefanya kazi yake vizuri sana. Neno lilikuwa limefika, likaeleweka, likagawiwa kwa wote waliostahili. Na kwa kuwa lilikuwa laini namna ile, hakuna aliyelazimika kukubali kwamba amelipokea.

Chini alisikia mlango wa lifti unafungwa. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Kwaya ilikuwa chini yake kabisa. Hata kanuni ilimruhusu.

Akaendelea kupanda.

Wimbo ukampita ukutani, unakwenda juu kwa furaha: *Tunapanda, tunapanda, na Baba ume—*

*

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba lifti ya nchi imeweka rekodi ya kushuka, na imefika chini kabla ya muda uliopangwa. Naibu waziri wa kushuka alipokea simu za pongezi asizojua azijibuje.

Hakufa mtu. Nalisema mapema, maana serikali nayo ililisema mapema, na kwa fahari, kana kwamba ilikuwa imepanga. Waya ulikatika kabla lifti haijafika mbali, na breki ya zamani ilijitahidi kama mzee anayezuia mlango usifunguliwe. Kwaya ilivunjika mikono, mbavu na meno. Mama Sesilia alivunjika mfupa wa bega, akawa hawezi kuvuta pumzi ya kuimbia. Ligola, aliyekaa chini kuliko wote, aliangukiwa na sauti ya kwanza yote. Mguu wake ukavunjika pawili.

Tume iliundwa. Kabla haijaketi, ilikuwa imeshajua kwamba mwendesha lifti alibonyeza kitufe kisichostahili.

Bi. Sikudhani aliacha kukaa kwenye kitu laini. Alikula amesimama. Usiku alilala chini kwenye mkeka, na bado mgongo wake ulisikia sufi. Ule wimbo uliokatika ulimkaa kichwani, unapanda, unapanda, unafika kwenye *ume*, unarudi mwanzo. Alijaribu kuumalizia mwenyewe akiwa anaosha vyombo. Sauti haikutoka.

Akaenda hospitali. Akauchukua na mto, akidhani utafaa kuinulia mguu.

"Kibwana, kwanza nikupongeze kwa uvumilivu wako," alisema, akiwa amesimama miguuni pa kitanda.

Ligola alikuwa amefungwa hogo la plasta hadi kwenye paja. Akamtazama.

"Pili, nikupongeze kwa—"

"Bosi, ukinisifia tena naita nesi."

Akauingiza mto chini ya mguu, taratibu, akiogopa kumuumiza. Ligola akauma meno. Kisha akashusha pumzi.

"Mto mzuri," alisema. "Tatizo umechelewa."

"Kulitokea hali," Bi. Sikudhani akaanza. "Hali ambayo, kwa namna moja au nyingine, sisi kama kitengo..."

"Bosi."

"Naam."

"Yule daktari wako, aliyekuambia ufanye mazoezi. Anaitwa nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Bi. Sikudhani akafungua mdomo. Majina yote ya madaktari duniani yalikuwa yamemtoka.

"Nauliza tu," alisema Ligola, akageukia ukutani. "Na mimi nimpate. Anaonekana anajua kazi yake."

*

Waziri alimwita ofisini. Safari hii hakuulizia mto.

"Mama Mlaponi, wewe ni mfano wa mizani. Ulinijulisha kwa staha. Nilikuelewa kwa staha. Hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima."

"Mheshimiwa, watu wamevunjika mifupa."

"Mifupa inaunga. Heshima ikivunjika, hakuna hogo lake." Akaegemea kiti. "Kesho kwenye Tume utaulizwa jambo moja: kijana alibonyeza vibaya au hakubonyeza vibaya? Ukijibu inavyofaa, kuna nafasi ya ukurugenzi. Mto wa mahameli, tena una vishada pembeni."

"Na Ligola?"

"Ligola atafungwa kidogo tu. Ana mguu mbovu. Gerezani atakaa kitako, atapumzika kuliko sisi."

Bi. Sikudhani alitafuta neno. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku ile, juu ya ulimi, na ladha yake ile ile.

"Nimekusikia, Mheshimiwa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa chini kulitumia neno lile kwa mtu wa juu. Waziri alichukulia ni shukrani.

*

Tume iliketi ghorofa ya juu kabisa, kwenye ukumbi wa heshima. Lifti ilikuwa imekufa, hivyo kila mtu alipanda ngazi. Safari hii hakuna aliyemtaja daktari.

Mshtakiwa alisukumwa hadi mlango wa chini kwenye kiti cha magurudumu. Hapo akakuta ngazi. Kwaya ilikuja naye, mikono shingoni, bandeji vichwani, wakamzunguka uani. Karani wa Tume alichungulia ngazini na kunong'ona jina la Ligola kwa adabu inayostahili ukumbi wa heshima. Hakujibiwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba mshtakiwa ameidharau Tume kwa kukataa kupanda.

"Tuendelee na shahidi," alisema. "Mama Mlaponi, mwendesha lifti alibonyeza kitufe kisichostahili?"

Mto wa shahidi ulikuwa umeshawekwa mezani. Mto wa mahameli. Vishada vyake vilikuwa virefu kama Waziri alivyoahidi. Waziri mwenyewe alikaa safu ya mbele, tai mpya shingoni, anasubiri kusifiwa.

Bi. Sikudhani aliinama juu ya mto. Pua yake ikagusa mahameli. Ilikuwa na harufu ya duka.

Kisha akasimama wima. Akachukua kipaza sauti chake, akatembea hadi dirishani, akalifungua.

"Mama, shahidi husema na Tume!" alifoka Mwenyekiti.

"Kanuni, Mwenyekiti," alisema Bi. Sikudhani. "Hiki huelekezwa chini."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaanza kupekua kitabu cha kanuni kwa haraka. Ilikuwa kweli: hakukuwa na kifungu kinachosema ni nini kisisemwe kwa walio chini, maana hakuna mtunga kanuni aliyewahi kufikiri kwamba huko chini kuna mtu anayehitaji kuambiwa jambo.

"LIGOLA," alisema. "LIGOLA, HUKUKOSEA KITUFE. WAYA ULIKUWA UMEKATIKA NYUZI. NILIUONA. NILIMWAMBIA WAZIRI, NILIMWAMBIA NUSU, AKAELEWA YOTE. SISI SOTE TULIPANDA NGAZI. NILISIKIA MLANGO UNAFUNGWA. NILIKUWA NA HIKI KITU MKONONI, NIKANYAMAZA."

Ukumbini, Waziri alikuwa ameinuka. Wajumbe wote walikuwa wakitazama viatu vyao, viatu vilivyopanda ngazi.

Uani hakuna aliyepiga makofi. Mama Sesilia alishika bega lake. Ligola aliinua uso, akakinga jua kwa kiganja.

"Rudia!" alipaza sauti, kwa koo lake tu. "Sikio moja halisikii. Si unajua nani kaliua!"

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana sasa alijua kila neno linapoelekea.

"Nimesikia," Ligola akaitikia. "Sasa hicho kitu kiweke. Shuka uje uniambie hapa."

Bi. Sikudhani akaweka kipaza sauti juu ya mto wa mahameli, akaelekea mlangoni. Mwenyekiti akasimama. "Shahidi haruhusiwi kuondoka! Kushuka kunahitaji kibali cha mamlaka husika!"

Kwenye safu ya nyuma kabisa, mtu mmoja akakohoa. Alikuwa naibu waziri wa kushuka. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kuhakikisha kwamba hakuna mwenzake mwenye cheo hicho.

"Nadhani," alisema, "hiyo ni mimi."

Akaenda mlangoni, akamfungulia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyowahi kuifanya kwa mshahara wake, na kufikia kesho yake ikawa pia ya mwisho.

Bi. Sikudhani alishuka ngazi zile zile. Huku nyuma alisikia Tume inapiga kura kumfukuza kazi, na kura ziliafikiana. Alipofika uani kwaya ikampisha, njia nyembamba kati ya bandeji na bandeji. Ligola alikuwa na kigoda chake cha lifti kando, mguu mmoja wa kigoda nao umevunjika. Bi. Sikudhani aliinama kukivuta.

"Hapana, usikae," alisema Ligola. "Ukikaa utaanza kunisifia."

Basi akamwambia akiwa amesimama.